Sista Usimsaidie

Jina langu ni Hadija, lakini ukienda kwenye ile wodi ukamuulizia Hadija watakuangalia tu. Muulizie Sista Usimsaidie, hata mfagiaji atakuonyesha kiti nilichokuwa nakalia. Jina hilo nilipewa na ndugu wa wagonjwa, tena kwa hasira, na mwanzoni liliniuma kweli. Sasa nimestaafu. Niko nyumbani nafuga kuku na kugombana na majirani kwa sababu ya kuku hao, na ninyi wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona. Haya, kaeni vizuri. Vyeo na mishahara siviandiki, hivyo mnavijadili wenyewe kila mkikaa kunywa chai.

Mimi ni mtoto wa Kondoa, kule milimani, na nilipomaliza chuo cha uuguzi nilitaka wodi ya wazazi. Nilijiona kabisa nikipokea watoto na kupigiwa vigelegele. Nikapangiwa Dodoma, wodi ya utengamao, jengo refu la bati nyuma kabisa ya hospitali, ambako upepo ulikuwa unaleta vumbi mpaka ndani ya mashuka. Huko walilazwa waliopooza kwa kiharusi, waliovunjika uti wa mgongo, waliokatwa miguu. Watu mjini walikuwa wanaiita wodi ya waliosahaulika. Nililia siku nzima, halafu nikapiga pasi sare yangu nikaenda.

Aliyenipokea ni Sista Foibe, mama mmoja wa Mpwapwa, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo huwezi kujifanya hujaisikia. Asubuhi ile alinipa bibi mmoja wa kiharusi nimsimamie anywe uji. Yule bibi alikuwa anahangaika na kijiko, uji unaishia shingoni, na mimi kwa huruma zangu nikamchukulia kijiko nianze kumlisha.

"Hadija," akasema Sista Foibe, "nani ana njaa hapa?"

"Bibi."

"Basi kwa nini kijiko umeshika wewe?"

Nikarudisha kijiko. Mungu wangu, uji ule ulikwenda kila mahali isipokuwa mdomoni. Ukaingia kwenye shuka, kwenye mto, kwenye sare yangu niliyoipiga pasi. Nilikuwa nimesimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa, nimebana vidole nisimnyang'anye tena. Mwisho kijiko kimoja kikafika. Bibi akameza, akaniangalia kwa madaha, akachota kingine. Uji ulikuwa umeshapoa kabisa, lakini aliumaliza wote.

"Kwenye wodi nyingine mgonjwa akifanyiwa kila kitu, nesi anasifiwa," Sista Foibe aliniambia tukibadilisha shuka. "Hapa, kila unachomfanyia unamwibia. Kabla hujamgusa jiulize, je, hili angeliweza mwenyewe nikimpa nafasi?"

Basi, hiyo ndiyo kazi yangu niliyoifanya mpaka kustaafu. Msidhani ni kazi ya kukaa. Tulikuwa tunageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza, tunakagua visigino na makalio tukitafuta wekundu wa kwanza kabla haujawa kidonda, tunafundisha watu wazima kujivalisha shati upya. Ngoja niwaambie ukweli, kumvalisha mtu shati ni jambo dogo sana. Kumtazama akitafuta mkono wa shati huku umeufunga mdomo wako, hapo ndipo jasho linapokutoka.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuungaunga. Tulikuwa na kioo kimoja kikubwa chenye ufa, mgonjwa anajitazama humo ajue amekaa upande au amekaa sawa. Tulishona vifuko vya mchanga vya kuzuia mguu usilale vibaya. Na kwa ajili ya vidole, sikuwahi kuona kifaa kinachozidi karanga. Mnamwekea mgonjwa sinia la karanga zenye maganda, anamenya kwa mkono ule dhaifu, moja baada ya nyingine. Hasara yake ni kwamba manesi wanakula kifaa. Nilisema sana, na mimi mwenyewe nilikula.

Shida yetu kubwa haikuwa wagonjwa, ilikuwa ndugu zao. Nasema hivi kwa mapenzi yote. Watu wetu wanampenda mgonjwa mpaka wanamlemaza. Mama anakatiwa tonge, anafutwa mdomo, anavuliwa viatu kabla hajafikiria kuvivua. Baada ya serikali kuhamia huku tulianza kupata na wakubwa wa maofisini. Mmoja alipata ajali ya gari, na dereva wake alikuwa anakuja kila asubuhi kumvalisha soksi. Nikamwambia dereva, kijana wangu, asante, usimsaidie, nenda kanywe chai. Bosi akanuna. Siku alipojivalisha soksi mwenyewe alinionyesha mguu ule mbele ya wageni wake, soksi imegeuka kisigino kiko juu, anacheka peke yake.

Sasa niwape kisa cha Mzee Ndahani, maana najua mnakisubiri, na wengi wenu mlikisikia kikiwa kimetiwa chumvi.

Mzee Ndahani aliletwa kutoka Haneti miaka michache kabla sijastaafu. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Akili ilikuwa timamu, ulimi mzito kidogo tu, na ucheshi wake wote ulikuwa salama. Mkewe alikuwa ameshafariki. Mwanawe wa kiume, Stefano, ni dereva wa malori yanayokwenda Kongo. Alimleta, akakaa naye siku chache, kazi ikamwita akaondoka. Binti yake, Loyce, ameolewa Mwanza. Kwa hiyo aliyebaki kumuuguza ni mke wa Stefano, tuliyemwita Mama Janeth.

Na huyo Mama Janeth aliishangaza wodi nzima. Alikuwa anapiga magoti mlangoni na kumsalimia baba mkwe wake huku ameangalia sakafu. Analeta hotipoti ya ugali na mlenda, anaiweka kwenye meza ya miguuni pa kitanda, anarudi nyuma mpaka mlangoni, anakwenda kukaa kwenye benchi la nje akiwa amegeukia ukuta. Mzee akidondosha kijiko, haokoti mpaka mzee ageuke upande wa pili. Ndugu wa wagonjwa wengine wakaanza kunong'ona. Mwanamke ana roho mbaya huyo, wakasema, anamngoja mzee afe arithi mbuzi.

Mimi nilikuwa namuelewa. Nimekaa na Wagogo muda mrefu, na hata kwetu heshima ya mkwe ipo, ila kwenye ukoo wao ilikuwa kali zaidi. Mkamwana hamgusi baba mkwe, hamtazami usoni, hapiti karibu naye. Sema nilikuwa nimeona jambo jingine, nikanyamaza nalo. Kwa sababu hakuna aliyemlisha, Mzee Ndahani alikuwa anakula mwenyewe. Kwa sababu hakuna aliyemvuta shuka, alikuwa analivuta mwenyewe. Wagonjwa waliolazwa naye wiki moja walikuwa bado wanakatiwa tonge.

Tatizo lilikuwa kwenda nyumbani. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba mzee ataruhusiwa kurudi Haneti ikiwa tu ataweza kutoka kitandani na kufika chooni mwenyewe, au awepo mtu wa kumshika. La sivyo achukuliwe na binti yake. Loyce alishapiga simu kusema anakuja, ameshamwandalia baba chumba. Mzee aliposikia alikula vijiko viwili akasukuma sahani.

Basi tulikuwa na nesi mgeni, jina lake Happy, binti mchapakazi wa kutoka Moshi. Alikuwa ameagizwa kumfundisha ndugu jinsi ya kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, kama tunavyomfundisha kila ndugu. Akamwita Mama Janeth, akaona anasitasita, akadhani ni woga wa kawaida. Akamshika mkono, akauzungusha kiunoni kwa mzee. "Mama, usiogope, mkumbatie hivi!"

Mama Janeth alichomoa mkono kama ameshika kaa la moto, akatoka mbio, khanga ikabaki mlangoni. Mzee Ndahani alivuta shuka akajifunika mpaka kichwani. Chakula alikataa, dawa alikataa, hata maji. Happy alisimama katikati ya wodi, uso umemshuka, hajui amefanya nini. Maskini, nani angemwambia? Nilimweleza pale pale, akalia naye, nikawa na watu watatu wa kubembeleza kwa mpigo.

Mama Janeth nilimkuta jikoni nyuma ya wodi, pale ndugu wanapopikia, amekaa kwenye tofali. Sufuria ya mlenda ilikuwa inaungua mbele yake.

"Mbukwa, mama," nikamsalimu kwa Kigogo changu kile kidogo. "Mlenda unaungua."

"Acha uungue, Sista."

Nikaepua sufuria, nikakaa kwenye tofali jingine.

"Yule dada hakujua," nikasema.

"Najua hakujua. Lakini baba anajua na mimi najua. Kiunoni, Sista! Mbele za watu! Ni kama nimemvua nguo." Akajifuta macho kwa kiganja. "Tangu nimeolewa sijawahi kupeana naye mkono. Nikisikia fimbo yake njiani, napisha. Yeye naye akiwa bafuni anakohoa, nisije nikapita. Nilipojifungua Janeth nikawa hoi, alisimama nje ya ukuta wa nyumba yangu kutwa nzima, kila saa anamuuliza mama mkwe, mkamwana amekula? Mkamwana amekunywa? Hakuingia ndani hata mara moja. Halafu watu hapa wanasema simpendi."

"Achana nao."

"Nimeachana nao. Ila wifi anakuja kumchukua. Mwanza kwake ni ghorofani, na baba kila kitu chake kiko Haneti. Mbuzi wake wako Haneti, shamba lake la uwele liko Haneti, kaburi la mama liko Haneti. Atakaa dirishani huko anaangalia mapaa ya watu mpaka afe. Na nitakuwa nimemuua mimi, kwa sababu tu siwezi kumshika."

Nami nililia, msinicheke. Nilikuwa nimewaambia watu neno langu lile, usimsaidie, miaka na miaka, na sijawahi kukutana na mtu anayeteseka hivyo kwa kutosaidia. Nikamwambia, mama, kanawe uso, na usirudi nyumbani. Nipe nafasi niongee na mzee.

Mzee bado alikuwa amejifunika shuka. Nikakaa kando ya kitanda.

"Mzee Ndahani, shikamoo. Nani alikwambia utashikwa?"

Akazidi kulivuta shuka.

"Utainuka mwenyewe. Mkamwana wako atakaa nyuma ya pazia, atakuwa anakuelekeza kwa mdomo tu."

Shuka likashuka kidogo, likatokea jicho moja. "Kwa mdomo tu?"

"Kwa mdomo tu."

"Na mimi nikishindwa?"

"Utakaa chini, utajaribu tena."

Akafikiri. Likatokea jicho la pili. "Kusemeshwa hakuna mwiko," akasema. "Niletee maji."

Basi tukaanza. Mama Janeth nilimfundishia kwenye kitanda cha pembeni, na mgonjwa wetu alikuwa Happy, ambaye aliomba mwenyewe ile kazi ili apate kuomba radhi kwa vitendo. Alijifanya amepooza upande wa kushoto kwa bidii sana mpaka akadondoka kweli. Hapo ndipo Mama Janeth alicheka kwa mara ya kwanza. Alijifunza haraka. Kiti kikae upande wenye nguvu. Breki zifungwe. Mgonjwa asogee ukingoni, miguu irudi nyuma kidogo, pua ivuke magoti, ndipo ainuke. Akivuta pumzi kabla ya kuinama anachelewa, akiinama vizuri mwili wenyewe unamnyanyua.

Kisha tukaliingiza benchi la nje wodini, tukavuta pazia kati yake na kitanda, Mama Janeth akakaa upande wa pili, hamuoni mzee wala mzee hamuoni. Mimi nilikaa upande wa mzee, tayari kumdaka.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

"Kiti kiko kulia kwako. Breki umefunga?"

"Nimefunga."

"Zote mbili?"

Mzee akainama, breki ya pili ikalia. "Sasa zote mbili," akasema mzee, na wodi nzima ikaangua kicheko.

Siku za mwanzo alianguka kitini kama gunia. Mguu wa kushoto ulikuwa unateleza, anatukana kwa Kigogo, Mama Janeth anakohoa nyuma ya pazia kuonyesha hajasikia. Taratibu akaanza kuinuka. Na kitu ambacho sikukitarajia hata mimi, walianza kuzungumza. Watu waliokaa kwenye kaya moja miaka yote ile, salamu tu, sasa wanazungumza asubuhi na jioni kwa sababu ya lile pazia. Mama Janeth anampa habari za mbuzi, yule mweusi amezaa mapacha. Mzee anamsimulia jinsi marehemu mkewe alivyokuwa msichana, alivyomkataa mara ya kwanza. Wagonjwa wengine walikuwa wanapunguza redio wasikilize.

"Mama Janeth," mzee akasema siku moja, "leo umenikaripia."

"Nisamehe, baba."

"Sijasema uache."

Nilitoka nje siku ile nikajifanya naanika glovu.

Loyce alifika kutoka Mwanza asubuhi moja ya baridi, macho mekundu kwa safari ya basi, amebeba sweta jipya la baba yake kwenye mfuko. Hakuwa mtu mbaya, naomba mlishike hilo. Alimpenda baba yake na alikuwa na hofu naye, basi. Alisema gari la kuwapeleka stendi limeshapangwa. Nikamwomba asubiri kwanza, baba ana jambo la kumwonyesha, na daktari naye akaja kuangalia.

Kitandani mpaka kitini alikwenda vizuri sana. Sauti nyuma ya pazia, mzee ukingoni, pua mbele, huyo, amesimama, amekaa. Loyce akaweka mkono kifuani. Lakini daktari alitaka na choo. Haneti ua ni wa mchanga, kiti cha magurudumu hakipiti, kwa hiyo mzee lazima atembee. Akachukua fimbo yake mkono wa kulia, akaanza kukata korido.

Korido haina pazia. Mama Janeth alibaki wodini, nyuma ya mlango.

Katikati ya njia mguu wa kushoto ukagoma. Aliuvuta, haukuja. Fimbo ikaanza kutetemeka, na mkono wake wa kushoto, ulioanza kupata nguvu kidogo, ukawa unapapasa hewani hauna pa kushika. Nilikuwa nyuma yake, mikono yangu iko karibu kabisa na mbavu zake. Kama angeanguka, ningemdaka. Lakini nikimdaka, ndiyo imekwisha, anakwenda Mwanza.

Loyce akaruka. Nikamzuia kwa bega.

"Usimsaidie."

"Ni baba yangu!"

"Najua, mama. Mpe muda kidogo."

"Ataanguka!"

Mlango wa wodi ukafunguka. Mama Janeth akatoka akipita ukutani, uso ameugeuzia upande, akampita baba mkwe wake kwa mbali, akaja akasimama mbele yake, amempa mgongo. Akafungua kitenge alichojitanda, akakifunga kiunoni kwa fundo kubwa, akaacha ncha moja ndefu ikaning'inia nyuma.

"Baba," akasema, anaangalia mbele, "shika kitenge."

Kile kitenge kisingemzuia kuanguka. Mimi nilijua, daktari alijua. Mzee akaangalia ile ncha ya kitambaa kwa muda. Kisha mkono wa kushoto ukaenda, polepole mno, vidole vikafumba kimoja kimoja, vikashika.

"Mguu wa kushoto, baba. Uinue goti kwanza."

Goti likainuka. Mguu ukafuata. Mama Janeth akapiga hatua moja, kitenge kikanyooka, mzee naye akapiga yake. Wakaenda hivyo, yeye mbele, mzee nyuma, hawagusani, hawaonani uso. Loyce alikaa chini kwenye sakafu na sweta lake mapajani, akawa anawaangalia. Walipoufikia mlango wa choo akamgeukia daktari, akamwambia, "Aende nyumbani. Mwacheni baba aende nyumbani."

Wao wawili hawakusikia. Walikuwa wanageuka kwa shida kuanza safari ya kurudi, yeye anazunguka kwanza ili asimtazame, mzee anazunguka nyuma yake, kitenge hajakiachia. Mama Janeth alikuwa analia. Uso nilikuwa siuoni vizuri, ila mabega yalikuwa yanaruka, na mzee aliyekuwa nyuma yake aliyaona.

"Mwanangu," akamwambia, "acha kulia ukitembea. Ukijikwaa ukaanguka, ni mimi wa kukuinua, na unajua siruhusiwi kukugusa."